Jogoo Uliyemrudisha Kiwanjani

Baba Neema,

Jana mchana nimelala. Nakuanzia na hilo kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukinicheka, kwamba ukiniona nimelala mchana, basi ama naumwa ama dunia imetulia. Siumwi. Nilijinyoosha kwenye mkeka upande wa jikoni baada ya kula, nikasema nipumzishe mgongo kidogo tu, na nilipofumbua macho kuku walikuwa wameshaingia bandani wenyewe. Tangu tukuzike sikuwahi kulala hivyo. Nikaona nikuandikie, maana nani mwingine atanielewa nikimwambia kwamba ndege yako ndiyo iliyonirudishia usingizi?

Ndiyo, yeye. Mke mwenzangu. Ulinioa kanisani, ndoa ya mke mmoja, wazazi wangu wakatoka Kinampanda wamevaa vizuri kushuhudia. Halafu ulipostaafu kurusha ndege za misheni ukaniletea mwenzangu mwenye mabawa, injini moja na viti vinne, mkongwe kuliko Neema wetu. Ukamjengea banda lenye bati jipya wakati jiko langu linavuja. Mimi nikiumwa kichwa unaniambia nywa maji. Yeye akikohoa kidogo tu, unampigia fundi Arusha.

Sasa nacheka. Miezi michache iliyopita sikuwa nacheka, Baba Neema. Nilikuwa nimekasirika nawe hata kaburini kwako siendi.

Ngoja nikueleze kwa utaratibu, maana mengine yametokea ukiwa haupo.

Unakumbuka siku zako za mwisho pale hospitali. Sauti ilikuwa imekwisha, nikainamisha sikio nikitegemea maneno ya mume kwa mkewe. Ukasema: "Mama Neema, nikiondoka, wajulishe watu wa bima kabla ya kuanua matanga. Na injini isilale." Basi. Miaka yote ile ya ndoa, na hayo ndiyo uliyoniachia. Nilitoka nje kwenye korido nikalia, katikati ya kulia nikaanza kucheka, muuguzi akadhani nimechanganyikiwa.

Lakini nilifanya. Watu wako wanavyojua, vitu vya marehemu haviguswi mpaka matanga yaanuliwe. Redio yako ilizimwa, koti lako likabaki kwenye msumari, na banda la ndege likafungwa mlango. Mimi nikaenda nyuma ya nyumba na simu, wanawake wapo kwenye masufuria wananiangalia, nikawapigia watu wa bima kuwaambia mwenye ndege amefariki, tufanye nini ili bima isikatike. Mdogo wako Yona alinisikia. Akanivuta pembeni: "Shemeji, udongo haujakauka, wewe umeshaanza kufuata hela za bima?" Nikamwambia hakuna hela ninayofuata. Hii si bima ya kifo chako. Hii ni ya kutulinda siku ndege ikimuumiza mtu, tusije tukauza nyumba kumlipa. Yona akanitazama kwa huruma. Alidhani ni uchungu unaongea.

Kikao cha ukoo kikakaa, wakanipendekeza mimi kuwa msimamizi wa mirathi, Mahakama ya Mwanzo ikanithibitisha. Nikapeleka hati kwa watu wa bima, wakaandika upya, na jina la Gasper likabaki kama rubani anayeruhusiwa. Gasper wako yule yule uliyeruka naye misheni, anayekunywa chai ya sukari nyingi. Nilimwomba aje awe anaiwasha injini, maana ulinifundisha kwamba injini isipofanya kazi inashika kutu kwa ndani bila mtu kuona. Alikuwa akija, ananikuta nimeshavua vile vifuniko vya kitambaa chekundu. Unavikumbuka? Nilikushonea kutokana na mabaki ya sare ya kwaya, ukafunika kile kijimrija cha kwenye bawa kinachopima mwendo, ili nyigu wasijenge ndani. Ulikuwa ukiniambia kijinyumba kimoja cha nyigu kinatosha kuwaua watu wanne. Mimi nilikuwa nasema unazidisha. Sikukwambia, lakini nilivishona kwa uzi mara mbili.

Sasa nikufikishe kwenye ajali. Usishtuke, hakuna aliyekufa.

Ukaguzi wa mwaka ulifika. Gasper akaipeleka ndege kwa mafundi Dodoma, wakaifungua, wakabadilisha oili na mipira ya breki, wakachonga ile sehemu ya propela iliyokuwa imepigwa na changarawe, wakaipitisha. Siku ya kurudi mimi nilikuwa kiwanjani namsubiri. Kile kiwanja, wewe ukiwa hai, kilikuwa na heshima yake. Ulikuwa ukizunguka mara moja juu ya kijiji, wachungaji wanatoa ng'ombe wao, ndipo unashuka. Gasper naye alizunguka. Lakini watu wetu wa Sepuka walishahesabu kwamba mwenye ndege akifa na ndege imekufa. Walikuwa wameanza kupita katikati ya kiwanja kana kwamba ni barabara ya shamba. Mzee Ramadhani, yule wa ng'ombe wa kukokota, akatokea kwenye kibonde na mkokoteni wa samadi. Baadaye aliniambia ngurumo aliisikia, akadhani ni lori.

Gasper alikuwa ameshagusa chini. Akakata kushoto kwa nguvu zote, akamkosa mzee, lakini bawa likapiga mkokoteni. Mzee akatupwa, gurudumu la mkokoteni likapita juu ya mguu wake. Ng'ombe mmoja alikufa pale pale. Mimi nilikimbia, kanga ikaniponyoka njiani, sikuirudia.

Tulimfikisha mzee hospitali ya mjini Singida akiwa anaongea. Mguu ulikuwa umevunjika vibaya, madaktari wakasema anahitaji kuwekewa vyuma.

Wanawe wakaja nyumbani. Ningefurahi wangekuja wanapiga kelele. Walivua viatu mlangoni, wakasema "Shikamoo mama," wakakaa, wakanywa uji wangu. Ndipo mkubwa akasema, "Mama, hatukuja kwa ugomvi. Lakini mzee lazima atibiwe, na mvua zikianza tutalimia nini?" Wao wana haki, na mimi nina nyumba na shamba la alizeti, basi. Yona naye akasema kwa upole wote kwamba tuuze shamba, na lisipotosha tuuze nyumba. Nyumba hii, Baba Neema, ambayo Neema alianza kutembea akishikilia kuta zake. Siku hiyo ndiyo niliyokasirika nawe mpaka nikaacha kwenda kaburini.

Nikawapigia watu wa bima. Wakasema watalipa matibabu, ng'ombe na mkokoteni, lakini kwanza wamtume mkaguzi wao aone mambo mawili: kama ndege ilikuwa inatunzwa, na kama kweli ilikuwa ya matumizi binafsi.

La kwanza halikuniogopesha. Fundi wa Dodoma alithibitisha ndege ilikuwa nzima, breki nzima, tairi nzima. La pili ndilo lililonikausha mate. Uliwahi kunieleza mara moja tu, tukiwa tunapukuchua alizeti: ndege hii kibali chake ni cha binafsi, hairuhusiwi kubeba mtu kwa malipo. Ukipokea nauli, hata kidogo, umeshafanya biashara bila kibali, na siku ya ajali bima wanakunja mikono. Ndiyo maana ulikuwa hupokei kitu. Mvua zikikata barabara ulimbeba mjamzito, ulimbeba aliyeumwa na nyoka, ulimbeba daktari wa mifugo na sanduku lake la chanjo, na akija mtu kushukuru unaweka mikono nyuma. Hukuwaeleza watu kwa nini. Hilo nakulaumu mpaka leo. Ungesema neno moja tu! Wewe ulidhani kila mtu amezaliwa anajua masharti ya bima. Watu wa hapa ukimrudishia mtu kitu chake cha shukrani umemwambia hakina maana, na yeye hana maana. Mimi ndiye niliyekuwa nakutana nao kisimani wamenuna.

Mama Hawa ndiye aliyenuna kuliko wote. Ulimbeba binti yake usiku wa kuamkia Jumapili ile ya mafuriko, akajifungulia Dodoma salama, na yule mtoto sasa anakimbiza mbuzi. Mama Hawa alikuja kiwanjani na jogoo wake mwekundu, wewe ukamrudisha mbele ya watu. Tangu siku hiyo salamu yake kwangu ikawa fupi. Msibani kwako alikuja, akakaa mwisho kabisa, chakula hakugusa.

Mkaguzi alikuwa kijana wa mjini, mpole, ana miwani. Mwenyekiti wa kijiji akaita watu ofisini kwake, wakajaa mpaka dirishani. Kijana akasalimia wazee vizuri, shikamoo moja moja, kisha akauliza: wale waliowahi kupanda ndege ya marehemu, walipandaje?

Nilimwona Mzee Selemani anainuka, nikamwomba Mungu amkalishe. Hakukaa. Akavuta koti lake, akasema: "Andika, mwanangu. Sisi tulilipa. Watu wa Sepuka hatubebwi bure." Wazee wenzake wakatikisa vichwa, ndiyo, tulilipa, kila mtu kwa uwezo wake. Walikuwa wanakuheshimu, Baba Neema. Walitaka mgeni ajue kwamba marehemu hakuishi na watu wasio na shukrani, na wenyewe si omba omba. Na kwa kila kichwa kilichotikisika, niliona ukuta mmoja wa nyumba yangu unakwenda.

Hata mimi ningesema, mjane mwenye nyumba yake hatarini nani angemsadiki? Kijana ameshaandika. Akauliza taratibu, "Mlilipa nini, mzee?" Selemani akaanza kukohoa.

Ndipo nikasikia sauti kutoka dirishani. Mama Hawa. Hakuwa hata ameingia ndani.

"Selemani, muogope Mungu! Wewe ulilipa nini? Mimi nilipeleka jogoo, mikono miwili, namna hii. Marehemu akaweka mikono nyuma kama askari. 'Mama, rudi naye.' Mbele ya watu! Nimetembea na jogoo mpaka nyumbani, watu wananitazama kama nimemwiba. Leo wewe unasema alipokea? Kama alipokea vya kwako akakataa cha kwangu, nieleze hapa hapa, jogoo wangu alikuwa na nini?"

Mtu mmoja akacheka, halafu ofisi nzima. Mwalimu mmoja akasema na yeye alirudishwa na debe lake la alizeti. Mzee wa mizinga akasema yeye aliambiwa asali yake aipeleke kanisani. Kila mtu akafungua kinyongo chake, Baba Neema, na vilikuwa vingi, sikujua kama tumeishi katikati ya vinyongo kiasi kile. Mwishoni Mzee Selemani akakuna kichwa: "Hata mimi, kwa kweli, alinirudishia mbuzi." Kijana akamuuliza sasa kwa nini alisema alilipa. Mzee akamjibu kwa mshangao, "Sasa nimwambie mgeni kwamba kijiji kizima kinapanda ndege bure?"

Kijana alivua miwani akafuta macho. Akaandika upya. Akawasomea, wakakubali, wakatia sahihi na dole gumba. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi, nacheka na machozi yananitoka, na Yona kando yangu ameshika mkono wangu. Tulipotoka akaniambia, "Shemeji, kaka alikuwa anajua." Nikamwambia kaka yako alikuwa anajua ila hasemi, ndiyo shida yake.

Basi wamelipa. Mzee Ramadhani amewekewa vyuma, anatembea na fimbo, na juzi nilimkuta amekaa chini ya ukuta wake anawatukana ng'ombe wapya kwamba ni wavivu, nikajua amepona. Wanawe walilima kwa wakati. Nyumba ipo. Shamba lipo, alizeti zimefika kiunoni. Bawa linatengenezwa, Gasper anasimamia, anasema fundi ni makini. Na wale wale wanawe Mzee Ramadhani, pamoja na vijana wengine, wamekuja kupanda minyaa kuzunguka kiwanja chote, wakaacha njia moja ya kupitisha mifugo, na mwenyekiti akatangaza kwamba ndege ikizunguka juu watu wakae pembeni, mwenyewe awe hai au asiwe hai. Nimewaeleza pia sababu ya mikono yako kuwa nyuma. Nilieleza kanisani, nikaeleza kisimani, nikamwomba sheikh aeleze na msikitini. Kazi ambayo ungeifanya wewe kwa dakika moja.

Neema alitaka tuiuze ndege. Nimemwambia tusubiri. Nimemzoea mwenzangu, siwezi kumfukuza sasa. Barabara bado zinakatika, na yule daktari wa mifugo ameshauliza bawa litapona lini.

Sasa la leo, ambalo limenisukuma zaidi nikae niandike.

Asubuhi nikifagia uwanja, nikamwona Mama Hawa anakuja. Amevaa kanga mpya. Mikononi jogoo mwekundu, si yule, ni mjukuu wake labda, lakini rangi ile ile na macho yale yale ya ubishi. Akasimama mbele yangu hakusalimia kwanza. Akasema, "Huyu si nauli. Mume wako sikula chakula cha msiba wake. Nimekuja kula leo."

Unajua nilichofanya? Nilimwambia subiri kidogo dada yangu, nikaingia ndani, nikampigia yule kijana wa bima. Nikamuuliza kama mjane akiletewa jogoo wa pole, ndege ikiwa gereji, itahesabiwa amelipwa. Alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Akasema, "Mama, mle kwa amani." Umenifundisha vizuri, umeona?

Nikatoka nje. Mama Hawa alikuwa bado amesimama pale pale, amemnyoosha jogoo mbele yake, na usoni niliona ule woga wa mtu aliyewahi kurudishwa. Nikaweka ufagio chini. Nikapiga goti kidogo kama tulivyofunzwa, nikampokea kwa mikono miwili. Mama Hawa akashusha pumzi ndefu, nikasikia na mimi nashusha.

Tulimchinja, tukampika na ugali wa uwele na mlenda, tukala wawili tukamaliza. Alinisimulia usiku ule wa mafuriko, jinsi binti yake alivyokuwa akilia kwenye ndege na wewe ukawa unamwimbia nyimbo za kwaya kwa sauti mbaya. Hukuniambia. Kumbe ulikuwa unaimba. Alipoondoka nilikwenda kaburini, nikang'oa majani, nikakaa kidogo. Sina hasira tena, mume wangu. Nimeitafuta hasira yote nikakuta imeisha.

Basi lala. Nakuahidi injini haitalala. Vitambaa vyekundu vitakaa mahali pake, na vikichakaa nitashona vingine, kwaya ina sare mpya mwaka huu. Bima haitapita siku yake. Na ndege haitalipwa hata unyoya mmoja, na kila atakayepanda ataambiwa sababu kabla hajapanda. Lakini mlangoni kwangu mtu akija na kitu chake kwa moyo wake, mikono yangu haitakwenda nyuma. Nitapokea kwa mikono miwili, mmoja kwa ajili yangu, na mmoja kwa ajili yako.

Mke wako mkubwa,
Mama Neema